Mkate wa Kujaribia Tanuri

"Ngano unakula kama kawaida, mama?" daktari aliuliza, kalamu ikingoja jibu.

Swali lenyewe lilikuwa dogo, la kujibiwa kabla hata ya kumeza mate. Lakini Mwonjaji aliligeuzageuza moyoni kama nguo inayotafutwa ilipochanika. Kushoto kwake alikuwa ameketi mumewe, kofia mapajani, mgongo wima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Alikuwa amenawa na kurudia kunawa kwa ajili ya safari ile ya hospitali, na bado unga ulikuwa umemganda kwenye mikunjo ya vidole.

"Anakula," mume akajibia, na kwa mara ya kwanza tangu waingie uso wake ukachangamka. "Mimi ndiye mwoka mikate. Mkate wa kwanza kutoka tanurini ni wake kila siku."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hakuridhika na jibu la kusemewa. Akamwelekea mgonjwa. "Wewe mwenyewe, mama. Unakula?"

"Nakula," Mwonjaji akasema.

Basi hapo ndipo alipojiharibia. Miaka yote mwanamke huyu alikuwa amesema kweli tupu na hakuna aliyemwamini. Alisema tumbo linamkata kama kisu, akaambiwa apunguze mawazo. Alisema chakula hakikai, kikiingia kinatoka, akapewa dawa za minyoo, kisha za amiba, kisha za vidonda vya tumbo, halafu akarudishwa kwenye za minyoo, kana kwamba minyoo ilikuwa likizo na sasa imerudi kazini. Alipigwa picha, akapimwa choo na mkojo, akakabidhi vile vichupa dirishani huku watu wa foleni wakitazama, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: mama, huna kitu. Siku moja tu aliyosema uongo, uongo wake uliaminiwa papo hapo.

Akafungwa mpira mkononi, akatolewa damu, wakaambiwa warudi baada ya siku chache. Njiani mumewe alitembea mbele kidogo kama kawaida yake, akimkingia jua kwa mgongo wake mpana. Walikwenda kwa miguu, maana baiskeli ya kupelekea mikate madukani ilikuwa imeuzwa ili wamwone huyu daktari bingwa, na siku hizi mikate ilipelekwa begani. Mwonjaji aliutazama ule mgongo, akaona alipaswa kusema. Hakusema.

*

Jina la Mwonjaji alipewa na wafanyakazi wa bekari, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Kila mwoka mikate ana namna yake ya kujua kama tanuri limeiva. Wengine hurusha unga kidogo sakafuni mwa tanuri wakaangalia unavyobadilika rangi. Wengine huingiza mkono na kusikilizia. Mumewe yeye alifinyanga mkate mmoja mdogo, wa ukubwa wa ngumi, akauingiza peke yake kabla ya mingine. Ukitoka vizuri, tanuri liko tayari. Huo aliuita mkate wa kujaribia, na tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao aliufunga kitambaa ukiwa bado unafuka moshi, akapanda nao kichochoro mpaka nyumbani, akampa mkewe. Zamani alisimama pale mlangoni mpaka aung'ate. "Chumvi imepungua," mkewe angesema, au, "Leo umeukanda ukiwa na hasira." Naye angerudi mbio kurekebisha donge linalofuata.

Kazi ilipokua hakupata tena nafasi ya kusimama. Aliuacha mkate mezani akakimbilia tanuri, na jioni akirudi aliuliza, "Wa leo ulikuwaje?" Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yake yote. Huyu mwanamume hakuwa wa maneno. Hata kuposa alimtuma shangazi yake, naye akabaki nje ya geti akikagua ukuta. Wanaume wengine huwaambia wake zao hivi na vile. Yeye alikuwa na ule mkate, na mkewe alielewa vizuri kabisa kilichosemwa ndani yake.

Kisha paa la tanuri likaporomoka. Bekari ikafungwa, mafundi wakajenga upya tofali kwa tofali, na nyumba ile ikala wali, viazi na ndizi kwa muda mrefu. Tumbo la Mwonjaji likanyamaza. Alidhani ni maombi ya mama mkwe yamejibiwa. Alilala bila kuamka kukimbilia chooni, alikwenda sokoni bila kwanza kuulizia choo kiko wapi, akacheka vichekesho vya watu bila kujibana. Tanuri lilipopona, mkate wa kwanza ukaja umefungwa kitambaa, akaula kwa furaha akiwa amesimama. Jua halijazama alikuwa ameshikilia ukuta wa choo, jasho likimtoka.

Akaacha, akapona. Akajaribu tena, akaumia. Alipoelewa, kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko tumbo.

Angeanzaje? Angemwambia mtu yule kwamba kitu pekee anachojua kumpa ndicho kinachomla? Alipiga moyo konde jioni moja, akafungua mdomo, mume akamtangulia: "Wa leo ulikuwaje?" Akajikuta amesema mzuri. Tangu hapo mkate ukija alingoja mumewe apotelee kichochoroni, akautia chini ya khanga, akampelekea fundi viatu wa pale kona, mjane asiye na wa kumpikia. Miezi ikapita hivyo. Maumivu yalipungua, lakini nguvu hazikurudi. Mwili ulikuwa umechakaa, damu iko chini, nywele zinabaki kwenye kitana. Na siku ya miadi ya daktari bingwa, ambayo mumewe alikuwa ameihangaikia hata kabla tanuri halijaanguka, ikafika.

*

Majibu yalitoka, na kama ilivyokuwa siku zote, hayakuwa na kitu.

Daktari aliyasoma, akayarudia, akakunja uso. Akaeleza kwamba alikuwa anautilia shaka ugonjwa mmoja ambao mwili hugombana na ngano, kwa sababu dalili zote ziliuelekea huo, lakini damu inakataa. Akasema atafikiri zaidi, warudi mwezi ujao. Mume alishusha pumzi ndefu, akamshukuru Mungu na daktari kwa pamoja. Mwonjaji alitazama viatu vyake.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anangoja kibarazani, ameshaandaa maneno. Alikuwa bibi mwenye ulimi mkali na magoti mabovu, na kwa kuwa magoti hayakumpeleka popote, ulimi ulifanya kazi ya vyote viwili. Aliposikia hakuna kitu, alisema hilo yeye alilijua zamani. Tumbo la mkwewe halina ugonjwa, lina kiburi. Baiskeli nzima imekwenda kwa ajili ya kiburi cha tumbo. Mwanawe akamwomba anyamaze, akanyamaza, kisha akaongeza kwamba enzi zao mtu aliugua ugonjwa unaoonekana.

Kesho yake mkate wa kujaribia ulikuja mkubwa kuliko kawaida. Mume aliuweka mezani akauzungusha ili upande wake mzuri umwelekee mkewe. "Kula sasa," akasema. "Wewe ni mzima." Akaondoka akipiga mluzi, na hakuwa mtu wa kupiga mluzi.

Mwonjaji alikaa na ule mkate mbele yake mpaka ukapoa. Hakuna mtu anayetaka kuugua, na yeye hakutaka. Alichotaka ni kuaminiwa, hata na karatasi. Alitamani pia kitu kingine, kidogo mno hata akaona haya kukitamani katika umri ule: alitamani mumewe asimame tena pale mlangoni wakati yeye anang'ata, na yeye awe anang'ata kweli.

*

Siku iliyobomoa kila kitu ilikuwa siku ya kawaida. Mume alirudi jioni, shati limemganda mwilini, akaketi kwenye kigoda kando ya mlango.

"Wa leo ulikuwaje?"

"Mzuri," mkewe akasema, akiendelea kuchambua mchele.

"Mzuri vipi?"

Hakuwa na desturi ya kuuliza hivyo. Mwonjaji hakunyanyua macho. "Umekaa vizuri. Laini. Chumvi yake sawasawa."

Mume akafungua kamba za viatu taratibu, kiatu kimoja, kisha cha pili, akavipanga. "Leo nilisahau chumvi," akasema. "Donge zima. Wenye maduka wamenirudishia mikate mbele za watu. Nimetukanwa mpaka nikaomba radhi. Nikasema moyoni, mbona mke wangu hakuja kuniambia? Yeye ndiye wa kwanza kuula."

Ungo ulitulia mikononi mwa Mwonjaji.

"Unampa nani?"

"Fundi viatu."

"Tangu lini?"

"Tangu tanuri lijengwe upya."

Ungeweza kumwona mume akizipitia jioni zote zile moja moja, kila moja na ile "mzuri" yake. Fundi viatu, alipoulizwa baadaye, alisema yeye alitambua siku ile kwamba mkate hauna chumvi, ila angeanzaje kulalamikia kitu cha bure?

"Kama umenichoka," mume akasema, "ungeniambia. Usingenifanya mjinga kila siku."

Ndipo Mwonjaji akamwaga yote. Alimwambia jinsi tumbo lilivyonyamaza wakati bekari imefungwa, na alivyojaribu na kurudia kujaribu, na alivyomdanganya daktari kwa sababu yeye, mume, alikuwa amekaa pale na kofia mapajani na uso umechangamka. "Ningesemaje mbele yako? Mkate ndio unaoniumiza."

"Mkate wangu?"

"Mkate wowote."

"Lakini ni mimi niliyekuwa nakuletea," mume akasema. "Kila siku. Kwa miguu yangu."

Mkewe alitamani mumewe apige kelele, avunje kitu. Hakuvunja. Mume alitoka akakaa kwenye tofali nje, ameinamisha kichwa, mpaka mama yake akauliza kutoka chumbani ni nani huyo aliyesahau chumvi.

*

"Kipimo kile, mama, ni kama polisi wa ugomvi," daktari alisema walipomrudia na kumweleza kweli. Hakugomba, aliweka tu kalamu chini. "Kinatafuta alama za kupigana. Wewe uliwatenganisha wagomvi miezi mingi kabla, polisi akafika akakuta kimya. Kwa hiyo akaandika hapa hakuna ugomvi."

Sasa, akasema, kuna njia mbili. Ya kwanza, aache ngano tangu leo na aendelee hivyo, lakini wabaki wanakisia, na kama kuna kitu kingine kimejificha hawatakijua. Ya pili, arudi kula mkate kila siku kwa wiki kadhaa, kisha damu ipimwe upya na ameze mpira wenye kamera, wamkate kinyama kidogo ndani ya utumbo kikapimwe. Hapo watajua.

"Yaani nimpe tena?" mume akauliza.

"Kila siku."

"Ninajua mkate unamla, na bado nimpe."

Daktari akasema uamuzi ni wa mgonjwa. Mume akageuka kumtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeomba asiombwe kitu.

"Miaka yote naambiwa sina kitu," Mwonjaji akasema. "Nataka mtu mmoja aniambie ninacho."

Pamoja na hayo mkate haukuja. Siku ya kwanza mume alisema tanuri lilichelewa. Ya pili alisema alisahau, na siku ya tatu akapita moja kwa moja kwenda kuoga. Mwonjaji akaona huyu hatampikia sumu kwa mkono wake hata aletewe askari. Kwa hiyo siku iliyofuata alijifunga khanga safi, akashuka kichochoro mpaka bekari ambayo hakuwa amekanyaga kwa miaka, akapanga foleni nyuma ya wateja. Zamu yake ilipofika akaweka mkono juu ya kaunta.

"Naomba mkate," akamwambia mumewe.

Wafanyakazi wakaacha kukanda. Wateja, ambao tayari walikuwa wamesikia habari za chumvi na fundi viatu maana mtaa ule haukuwa na siri, wakatega masikio bila aibu. Mume alisimama na beleshi lake refu la mbao mkononi, uso umemwiva, pengine kwa joto.

"Nenda nyumbani, mke wangu."

"Nitakwenda nikishakula."

Mume akaegemeza beleshi ukutani. Kisha akageuka, akakata kipande cha donge, akakifinyanga taratibu, akakiingiza tanurini. Wateja walingoja na hakuna aliyenung'unika. Mkate ulipotoka akaupuliza, akaufuta majivu kwa kiganja, akampa juu ya kitambaa, kisha akasimama palepale mbele yake. Hakukimbilia popote. Mwonjaji akaung'ata. Ulikuwa moto hata machozi yakamlenga, au yalikuwa yanamlenga tayari.

"Chumvi imezidi," akasema.

Mfanyakazi mmoja alicheka, akajiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Mume naye akacheka, kicheko kifupi chenye kukwama, akajipangusa uso kwa mkono wenye unga akajichafua zaidi.

*

Wiki zile zilikuwa mbaya na zilikuwa nzuri, na Mwonjaji hakuweza kumweleza mtu yeyote jinsi zilivyoweza kuwa vyote viwili.

Kila adhuhuri alishuka bekari. Waliketi juu ya magunia ya unga, naye akala mkate wake wote mpaka chembe, mume akimtazama. Walizungumza. Watu waliokaa nyumba moja miaka yote, sasa ndipo wakapata cha kuzungumza: habari za hamira iliyopanda bei, za shangazi aliyetumwa kuposa, za mimba iliyoharibika zamani ambayo hawakuwahi kuitaja tangu siku ile. Mume alikuwa akisema sentensi moja, anakanda kidogo, anasema nyingine.

Na kila jioni tumbo lilidai chake. Lilijaa likakaza kama ngozi ya ngoma, jirani mmoja akampongeza kwa ujauzito mbele ya watu bombani, na Mwonjaji akashukuru kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Alikonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Mama mkwe aliyeanza kwa kubeza akaanza kunyamaza, kisha bila kuombwa akawa anachemsha maji na kuyaweka mlangoni mwa choo, na siku moja akamkamata mwanawe akamwambia kwamba akimuulia mkwe wake, atamzika peke yake. Mume akamwomba mkewe waache. Alimwomba akiwa amepiga magoti, anamfunga kamba za viatu kwa sababu kuinama kulimtia kizunguzungu.

"Bado," Mwonjaji akasema.

Kuna jambo hakumwambia. Alijua kwamba kila mkate anaomaliza unapunguza iliyobaki. Akipatikana na ugonjwa, hataula tena maishani. Asipopatikana, mumewe hatathubutu kumpa tena. Kwa vyovyote vile mkate ulikuwa unaondoka. Kwa hiyo aliutafuna taratibu, akishika moyoni ganda lake, ulaini wake wa ndani na harufu yake, kama unavyoushika uso wa mtu anayepanda gari la safari ndefu. Alikuwa mgonjwa kuliko wakati wowote, na alitamani zile wiki zisiishe.

Siku ya mwisho mume alichelewa kuutoa. Alisimama mbele ya mdomo wa tanuri na beleshi mkononi, wafanyakazi wakamkumbusha, akasema anajua. Ulipotoka upande mmoja ulikuwa umeungua. Alitaka kuoka mwingine, mkewe akakataa, akaula na weusi wake wote.

*

Kumeza mpira kulikuwa fedheha tupu. Alipuliziwa dawa chungu kooni mpaka ulimi ukawa si wake, akalazwa ubavu, akawekewa kitu cha kung'ata kwa meno, na kuzunguka kitanda wakasimama wanafunzi wa udaktari ambao hakuna aliyemuuliza kama anawataka. Mate yalimtiririka shavuni yakalowesha taulo. Alicheua mbele yao wote, akatoa sauti ambazo hakujua anazo. Muuguzi alimshika kichwa akimwambia, "Pumua, mama, pumua kwa pua, tunamaliza," na hawakuwa wanamaliza. Lakini kwenye kile kioo cha televisheni, kwa pembe ya jicho, aliona ndani yake mwenyewe, wekundu na unyevunyevu, na akasikia daktari akiwaambia wanafunzi kwa sauti ya chini, "Mnaona hapa? Pamelika. Pamekuwa tambarare."

Mnaona hapa. Maneno yale alirudi nayo nyumbani kama zawadi.

Siku ya majibu daktari alilitaja jina la ugonjwa, jina refu la kigeni, na mume akaomba alirudie. Mwonjaji akalirudia yeye mwenyewe kwa sauti mara kadhaa, kisha akalia. Daktari akadhani ni woga, akaanza kumtuliza kwamba hauui ukizingatia masharti. Mwonjaji akatikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa sizui," akasema. "Sikuwa nazua."

Masharti yenyewe yalikuwa mafupi. Asile ngano milele. Sufuria zake zitengwe.

"Hata kipande?" mume akauliza.

"Hata chembe."

"Na mimi je?" akasema, akionyesha mikono yake. "Mimi nina unga mpaka masikioni."

Daktari akaitazama mikono ile. Akamshauri aoge kazini, abadili nguo kazini, asirudi na unga nyumbani.

*

Mwonjaji akanenepa. Pete ikakaa, nywele zikajaa, damu ikapanda mpaka daktari akatabasamu. Mama mkwe alijifanya mlinzi wa sufuria. Mgeni akikaribia jiko aliulizwa ametoka kula nini, na wengine walinusishwa mikono. Bombani watu walimpongeza tena, safari hii kwa afya yake, na kwa haki. Alikuwa na kila alichokuwa amekiomba.

Lakini ikifika adhuhuri alijikuta amesimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa haina kazi na macho yake yalikuwa kichochoroni, naye akajigombeza, akarudi ndani, akatafuta cha kufagia. Na jioni mumewe aliingia ameoga, nywele zimechanwa, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni kama mtu aliyekuja kuposa mwenyewe kwa mara hii. Ile harufu yake ya siku zote, ya hamira na moto, iliyokuwa imelala kitandani pao tangu ujana, haikuwepo tena. Mwanzoni alikuja na vitu. Siku moja papai, siku nyingine kitana, siku nyingine ufagio ambao hakuna aliyeuhitaji. Alimkabidhi akasimama kungoja, kisha wote wawili wakaona kwamba papai ni papai.

Jioni moja akaja mikono mitupu. Alisimama pale mlangoni kama mtu aliyepotea nyumba, kisha akaketi kwenye kigoda. Mwonjaji aliacha alichokuwa anafanya, akavuta mkeka, akakaa karibu na miguu yake.

"Wa leo ulikuwaje?" akamuuliza.

Mume akashtuka. Lilikuwa swali lake yeye. "Mkate tu," akasema.

"Niambie."

Alijikuna kidevu. Akasema ulipanda vizuri, kwa sababu hamira ilikuwa mpya. Akasema ganda lilikuwa jembamba, rangi ya asali, limepasuka kidogo ubavuni pale alipolikunja. Mkewe akangoja. Akasema aliugonga chini kwa kidole ukatoa ile sauti yake, ya mlango wa nyumba yenye watu. Mikono yake safi ilikuwa imeanza kufinyanga hewani bila yeye kujua.

"Nikageuka kutafuta kitambaa cha kuufungia," akasema. "Ndipo nikakumbuka. Nikauweka kaunta. Akaja mama mmoja akaushika, na mimi nimeushika, hata akaniuliza, kwani huu hauuzwi?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unauzwa."

Nje mtaa ulikuwa na kelele zake za jioni. Mwonjaji aliegemeza kichwa kwenye goti la mumewe.

"Na chumvi?" akauliza.

"Sijui," mume akasema. "Huwa naambiwa na wewe."